Alama za Kucha Ukutani

Tundu la kwanza Nyamizi aliliona alipoinama kufagia chini ya kitanda cha wifi yake. Lilikuwa dogo, lisilozidi ukucha wa kidole gumba, nyuma ya mguu wa kitanda upande wa ukutani. Mtu mwingine angesema ni panya. Lakini panya akitoboa huacha vumbi lake palepale sakafuni, na hapa vumbi halikuwepo hata chembe. Kilichotoka ukutani kilikuwa kimekwenda mahali.

Alitandika kitanda, akaiachia pembe ya shuka ining'inie mpaka chini kama alivyoikuta, akatoka na ufagio wake.

Jenipha alikuwa barazani anachambua choroko, sinia juu ya magoti, tumbo limelisogeza sinia mbele. Miezi mitano. Katika mji ule wa familia miezi mitano haikuwa jambo la kuchekea. Mimba mbili za kwanza zilitoka. Ya pili ilipotoka, mama yake Nyamizi, Ng'washi, aliingia chumbani kutoa matandiko akakuta ukuta wa nyumba ya zamani umemomonyolewa kama umelambwa na ng'ombe. Kula udongo si ajabu kwa mwenye mimba. Ng'washi mwenyewe alikula, lakini wa kichuguu, wa porini. Mkamwana kula ukuta wa nyumba ya mumewe aliliona ni neno jingine. "Huyu anakula mji," alisema mbele ya ndugu wote siku ya kikao. "Mtu anayekula mji atazaa nini?" Wakakubaliana: akikamatwa tena na ukuta mdomoni, anarudi kwao Lingeka, na ng'ombe waliotolewa kwa ajili yake wanarudi Bariadi. Shigela, mumewe, alinyamaza mwanzo wa kikao hadi mwisho. Jenipha aliapa kutokula tena, huku damu bado inamtoka.

Nyamizi akavuta kigoda, akakaa, akachota choroko kiganjani.

"Wifi," alisema, "panya wa nyumba hii wana adabu. Wakitoboa wanafagia."

Vidole vya Jenipha vikasimama. "Panya gani?"

"Wa nyuma ya kitanda."

Jenipha aligeuza macho zizini, ambako Ng'washi alikuwa anafunga ndama, mgongo umewaelekea. "Umemwambia nani?"

"Ningekuwa nimemwambia mtu, ningekuja kukuuliza wewe?"

"Nyamizi, mdogo wangu, wewe hujabeba mimba, hujui." Alisema kwa sauti ya chini, na midomo haikutikisika sana. "Mvua ikinyesha ule ukuta unanukia mpaka meno yanauma. Wa zamani ulikuwa udongo basi. Huu una mafuta ndani yake. Unanukia karanga, zile zinazotoka kwenye chungu sasa hivi. Naunyunyizia maji ya ukwaju kidogo..." Akameza mate, akacheka kwa aibu. "Unaona? Hata kuutaja tu."

"Na ukwaju?"

"Bila ukwaju unakwama kooni. Sasa niapie. Kwa kaburi la baba yako, kwamba hutasema ni mimi."

Nyamizi aliapa. Aliapa haraka, kwa sababu Ng'washi alikuwa amemaliza na ndama na anakuja. Baadaye alifikiri kwamba angekawia hata kidogo tu, asingeapa.

Maana nyumba ile, pamoja na kuta zake, aliileta yeye.

Kiwanda cha mafuta cha Bariadi kilikuwa mali ya ushirika. Ushirika ulipochoka na soko huria likafunguliwa, alitokea tajiri kutoka mbali akakinunua, na pamoja na mashine akanunua mlima wa uchafu uliokuwa nyuma ya uzio. Mlima ule ulikuwa wa unga mweusi wenye kuteleza. Miaka yote kiwanda kilipokuwa kinageuza mafuta ya mbegu za pamba kuwa mafuta mazito ya kopo, kilitia ndani yake unga wa nikeli, na unga ukichoka ulitupwa hapo. Tajiri alitaka uondoke. Ndipo akaletwa Daktari Novatus, daktari wa kemia wa Chuo Kikuu, si wa kutibu watu. Mtu wa Bukoba, mrefu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi.

Alimpa Nyamizi kazi ya kuosha chupa. Siku ya kwanza alimweleza ule unga.

"Huu unaitwa kichocheo. Ni kama mshenga. Anawakutanisha watu wawili, wanaoana, yeye anaondoka kama alivyokuja."

"Na mshenga akizeeka?" aliuliza Nyamizi.

Daktari akacheka mpaka akavua miwani. "Ndiyo huo mlima pale nje."

Nyamizi aliishia darasa la saba, lakini Daktari aligundua mapema kwamba ana macho. Chupa namba tisa ikibadilika, Nyamizi aliona kabla yake. Akamwongezea kazi. Mwanzo Daktari alijaribu kuufufua ule unga ufanye kazi tena, akashindwa. Tanuru lilitaka umeme ambao Bariadi haukuwepo. Akabadili njia. Maghala ya ushirika yalikuwa yamebomolewa, kifusi chake kimelala bure. Alikisaga kile kifusi, akachanganya na unga, udongo mwekundu na saruji kidogo, akabana matofali kwa mashine ya mkono. Yakatoka ya kijivu, mazuri, ambayo mchwa hawayagusi.

Swali likawa moja: sumu ya nikeli imefungwa humo, au itatoka? Hiyo ndiyo kazi aliyoachiwa Nyamizi. Kipande cha tofali kinawekwa kwenye maji ya mvua, kinakaa. Anachuja. Anatia amonia mpaka harufu ipande puani. Halafu matone matatu ya dawa ya kuonyesha. Kama nikeli imetoka, maji yanakuwa mekundu. Miezi mitatu alidondosha matone yale, na miezi mitatu maji yalibaki meupe.

Daktari alipotaka nyumba ya majaribio, watu waishi humo mwaka mzima aone, Nyamizi ambaye hakuwahi kuomba hata siku ya mapumziko alisema, "Kaka yangu analala kwenye nyumba inayovuja." Wakajengewa vyumba viwili na mabati juu. Udongo wa kupigia lipu nao ulitiwa unga uleule. Haikupita muda zikaja zile mvua za El Niño. Nyumba za tope zilianguka huku na huku, watu wakalala makanisani. Ya Shigela ilisimama. Ng'washi alikuwa akipita anaupiga ukuta kwa kiganja, paa, paa, kama mtu anayesifia ng'ombe mnono.

Kesho yake baada ya kuapa, Nyamizi alivunja tofali moja. Kipande kimoja alikiweka kwenye maji ya mvua, kama kawaida. Cha pili alikiweka kwenye maji ya ukwaju aliyokamua mwenyewe akayachuja mara mbili. Akasubiri siku mbili. Kusubiri hakukumsumbua, alikulia nyuma ya ng'ombe. Siku ya tatu alitia amonia, kisha dawa. Chupa ya mvua ilibaki nyeupe. Chupa ya ukwaju ilianza kuiva chini, wekundu ukapanda taratibu, mpaka yote ikawa kama maji yaliyooshewa nyama.

"Daktari, njoo uone."

Novatus alikuja na kalamu sikioni. "Umetia nini humu?"

"Ukwaju."

"Ukwaju!" Akacheka. "Nyamizi, mvua ya Bariadi haina ukwaju. Nyumba inanyeshewa maji."

"Tumboni mwa mtu mna nini, Daktari?"

Kicheko kilimwishia chenyewe. Aliichukua chupa akaenda nayo dirishani, akaiinua kwenye mwanga, akaishika hivyo muda mrefu.

"Mna asidi," alisema. "Kali kuliko ukwaju." Halafu akageuka. "Lakini nani anakula nyumba?"

"Wanawake wenye mimba."

"Kwetu wanakula udongo wa vijiti, wa kununua sokoni."

"Hapa wanakula na ukuta. Na huu una harufu ya mafuta, wanaupenda zaidi."

"Wangapi?"

"Wanaokula hawasemi."

"Wewe unamjua mmoja."

Nyamizi aliangalia sakafu. Jina lilikuwa hapo hapo kwenye ulimi, na kaburi la baba yake limelikalia juu.

Daktari aliiweka chupa mezani polepole. "Nitakuambia ninachokijua, na sikijui kingi. Ikigusa ngozi sana, inawasha. Ikiingia mwilini mwa mjamzito, kuna majaribio ya panya huko kwa wenzetu. Panya walipewa ndani ya maji ya kunywa. Watoto wao walikufa."

"Wote?"

"Wengi kuliko kawaida." Akafuta miwani ambayo haikuwa na uchafu. "Ijumaa nasoma taarifa mbele ya meneja Joakim na mtendaji wa kata. Jumatatu wanaanza kuyauza haya matofali kwa watu. Niandike nini? Kwamba msichana anayeosha chupa amefikiria? Joakim atanicheka. Nipe mwanamke mmoja, asimame aseme 'mimi ninakula'. Mmoja tu. Hapo nitaizuia kazi yote, na nyumba ya majaribio naifunga siku hiyohiyo."

Nyamizi alikwenda nyumbani na maneno hayo. Ilikuwa Jumanne.

Alijaribu kwanza kwa kaka yake. "Kaka, kwa nini tusihamie kule jikoni kwa muda? Hii nyumba ina joto."

Shigela alikuwa anashona kamba ya jembe la ng'ombe. "Unaumwa? Watu wa Shishiyu wanalala na maji magotini, mimi nihame penye bati kwa ajili ya joto?"

"Labda matofali si mazuri."

"Si wewe uliyeyaomba?"

Akajaribu kwa Jenipha. Alimletea udongo wa kichuguu, mwekundu, safi, umekaushwa juani na kufungwa kwenye kitambaa. Alimweleza yote, habari ya chupa, habari ya panya. Jenipha alisikiliza mkono ukiwa tumboni. Aliogopa kwelikweli, Nyamizi aliona hofu ile ikimwingia kama baridi. Akala udongo wa kichuguu mbele yake, akatafuna, akatikisa kichwa.

"Nitakula huu. Huo mwingine nimeacha. Sigusi tena."

Jumatano Nyamizi alisaga pilipili kichaa, akachanganya na mavi ya ng'ombe, akasiliba ukuta wote nyuma ya kitanda. Alhamisi asubuhi alikuta matundu mapya upande wa mlango, chini, usawa wa mtu aliyepiga magoti. Safari hii hayakuwa ya kucha tu. Moja lilikuwa na alama za meno.

Akamkuta Jenipha nje, anajikuna viganja. Vilikuwa vimetoka vipele vidogo vidogo vyenye maji.

"Wifi, ulisema umeacha."

Jenipha akaanza kulia bila sauti, machozi yanaanguka kwenye vile vipele. "Unadhani sitaki? Naamka nakuta nimeshauma. Mkono unakwenda wenyewe, Nyamizi."

"Basi twende kwa Daktari. Useme. Nyumba itafungwa, hutakuwa na ukuta wa kula."

"Mbele ya mtendaji?" Jenipha alimtazama kama anayemtazama kichaa. "Mtendaji anayekunywa pombe na kaka yako? Kabla jua halijazama mama anajua. Nitabeba hili tumbo mpaka Lingeka, na baba yangu atoe ng'ombe wapi? Aliwaozea kaka zangu wawili kwa ng'ombe walewale." Akaushika mkono wa Nyamizi kwa kile kiganja kinachowasha. "Uliapa."

"Niliapa sitasema ni wewe."

"Ndiyo hivyo."

Ijumaa ofisi ya kiwanda ilijaa harufu ya mashudu ya pamba. Meneja Joakim alikaa nyuma ya meza, mtu mnene, mcheshi, mwenye kupenda kusikilizwa. Mtendaji wa kata alikuwa pembeni na daftari. Mwanamke wa chai, Salu, mke wa mlinzi, alikuwa anamimina vikombe. Daktari Novatus alisoma: uzito unaobebwa na tofali, maji yanayofyonzwa, mchwa, mvua. Alipofika kwenye maji ya ukwaju, Joakim aliinua mkono.

"Simama hapo, Daktari. Nani anakula nyumba?"

"Nimeambiwa kuna desturi kwa wanawake wajawazito..."

"Umeambiwa. Mke wangu ana watoto sita, sijaona akila hata kizingiti!" Mtendaji akacheka. "Tukienda hivyo, na mabati tuyapime, labda kuna anayeyatafuna. Yuko wapi huyo mlaji? Mlete, nimpe chumvi."

Daktari alishusha macho kwenye karatasi. Akapindua ukurasa. Nyamizi, aliyekuwa amesimama mlangoni na kasha la chupa, aliuona ule ukurasa unapinduka, na akajua kwamba upande wa pili hakuna tena ukwaju.

"Ni mimi," alisema.

Wote wakageuka.

"Mimi ndiye ninayekula. Nyumba ya majaribio, chumba cha kaka yangu, nyuma ya kitanda na mlangoni chini. Nendeni mkaone. Alama za meno zipo."

Salu alikuwa ameshika birika hewani.

Joakim alikuwa wa kwanza kupata sauti. "Kumbe! Wanaokula ukuta ni wajawazito, umesema, Daktari? Hongera, binti. Na hiyo ni ya nani? Mbona hatujasikia vigelegele?" Akamgeukia Novatus na jicho la utani. "Au tuulize humu humu maabara?"

Daktari alipandwa na damu usoni. Alimtazama Nyamizi tumboni, tumbo lililonyooka kama ubao, halafu machoni. Nyamizi hakupepesa.

"Andika, Daktari," alisema.

Novatus akaandika. Nyamizi alisimama hapo mpaka alipomaliza mstari.

Jioni ile ile mlango wa nyumba ya Shigela ulipigwa kufuli, na habari ilikuwa imefika kabla ya kufuli. Mtendaji alipitia kilabuni. Ng'washi hakumpiga binti yake. Alikaa chini katikati ya uwanja, miguu ameinyoosha kama mtu aliyefiwa, akawa anauliza jambo moja tu.

"Ni ya nani, mwanangu, ng'wanone? Sema tu ni ya nani."

"Mayu, siwezi kusema."

"Ni ya yule Mhaya wa chupa?"

"Si yake."

Shigela aliingia zizini akakaa huko na ng'ombe. Jenipha alisimama kwenye mlango wa jiko la nyasi ambamo sasa wangelala wote wanne, mkono mdomoni. Nyamizi alimtazama mara moja. Jenipha akainamisha uso, akaingia ndani.

Jiko lile lilikuwa la fito na majani, halikuwa na cha kumomonyoa. Siku za mwanzo Jenipha alitapika, akatetemeka, akauma upindo wa kanga yake mpaka ukachanika. Nyamizi alimshika kichwa. Siku ya tano alikula ugali na mlenda, akalala. Vipele vilianza kukauka. Wiki ya pili alicheka, mtoto alipompiga teke sinia likaruka. Nyamizi alianza kuhesabu miezi: sita, sita na nusu, saba kasoro. Kila asubuhi alimtazama wifi yake kama alivyokuwa anatazama chupa, akitafuta rangi.

Uchungu ulimkamata mimba ikiwa ya miezi saba, jioni, saa za kukamua maziwa. Mto ulikuwa umejaa. Walizunguka na mkokoteni wa ng'ombe mpaka hospitali. Mtoto alizaliwa hai. Alikuwa wa kiume, mwekundu, mwepesi kuliko kuku. Alipumua tangu asubuhi hadi jua lilipokuwa kichwani, Ng'washi akiwa amemweka kifuani ndani ya nguo zake, akimwita kwa jina la babu yake, Jilala, Jilala, kama anayemwamsha. Halafu hakupumua tena.

Muuguzi alisema kazaliwa kabla ya siku zake, na kwamba mwezi ule malaria imekuwa nyingi. Daktari Novatus alikuja nyumbani na sukari kilo mbili. Nyamizi alimfuata nje alipoondoka.

"Ni ukuta?"

Aliishikilia baiskeli yake. "Sijui. Labda ni ukuta. Labda ni malaria, labda ni mwili wake tu. Nikikuambia najua nitakuwa nakudanganya."

"Tungemtoa humo mapema, mtoto angepona?"

"Hilo nalo sijui, Nyamizi." Akaigeuza baiskeli. "Uliyemsemea pale ofisini, ndiye huyu?"

Hakumjibu. Daktari akaitika kwa kichwa, kama aliyejibiwa. Mwisho wa mwezi aliitwa Dar es Salaam, maabara ikafungwa, na Nyamizi hakuwa na kazi tena.

Kwa Ng'washi mambo yalikuwa wazi. "Mimba mbili ndani ya mji mmoja," aliwaeleza waliokuja kuhani. "Moja ya ng'ombe, moja ya vichakani. Ile ya kufichwa imemla huyu wa halali." Alisema hivyo Nyamizi akiwa anasikia, anagawa uji. Shigela aliacha kupokea chakula mkononi mwa dada yake. Akiletewa, alisubiri kiwekwe chini. Miezi ikapita, tumbo la Nyamizi halikutokeza, na maneno yakageuka: kumbe ameitoa. Aliyekuwa mbaya akawa muuaji. Jenipha alikaa kwenye mkeka miguu imekunjwa, maziwa yanamvuja kwenye kanga kwa mtoto asiyekuwepo, akayasikia yote yanasemwa, na hakufumbua mdomo. Mara moja, walipokuwa peke yao wanapepeta mtama, alianza, "Nyamizi..." Ungo ukaendelea kurusha makapi, na alilotaka kusema likapita.

Nyamizi hakumlaumu kwa sauti. Kimoyomoyo alimlaumu, na siku nyingine alimchukia.

Matofali yenyewe yalizuiwa kuuzwa, hilo lilitimizwa. Yalipangwa nyuma ya uzio na kibao kikawekwa. Lakini kibao hakilindi. Mvua za El Niño zilikuwa zimewaacha watu bila kuta, na matofali ya bure, magumu, yamelala pale. Mikokoteni ilianza kupita. Kiangazi kilipofika, lundo lilikuwa limebaki msingi tu, na ukienda barabara ya Lamadi unaona kijivu huku, kijivu kule. Jiko la mtu, kiambaza cha choo, chumba cha mwali. Nyamizi alikwenda kwa mtendaji. Mtendaji alimwambia aende akatulie, aliyoyafanya yanatosha.

Akawa anapita nyumba kwa nyumba, anasalimia. "Mwangaluka, mayu. Ukuta huu usilambwe." Wanawake walimwangalia kuanzia miguuni. Wengine walicheka, "Sisi si walaji, wewe ndiye mlaji." Nyuma yao, kwenye kona za mlango, aliona ukuta umesilibwa upya, madoa madoa ya tope bichi.

Siku moja kisimani walikuwa sita. Maji yalikuwa mbali chini, kila mmoja anangoja zamu, ndoo zimepangwa foleni. Nyamizi alikuwa wa mwisho, maana akifika mazungumzo yalipungua. Jenipha alikuwa mbele anavuta kamba. Salu, yule wa chai, alikuwa amekaa pembeni juu ya ndoo iliyogeuzwa, na Nyamizi alimwona anavyokaa, magoti yametengana, mgongo umeegemea nyuma. Miezi minne, labda mitano.

Salu aliinuka, akamsogelea. Alianza kwa sauti ya utani, ile ya kusikiwa na watu. "Haya, dada mlaji. Wewe mtaalamu." Wawili wakacheka. Halafu sauti ikamvunjika katikati. "Mwenye kutaka kuacha anaachaje?"

Kicheko kikakatika.

"Jiko letu mume wangu kalijenga kwa yale," alisema Salu. "Nimejaribu. Nimetafuna mkaa, nimetafuna ganda la yai. Wewe uliacha. Uliachaje?"

Nyamizi alijua habari ya amonia, habari ya matone matatu, na namna wekundu unavyopanda kutoka chini. Lakini udongo haukuwahi kumgusa ulimi, na wenye macho pale walikuwa wote wanamtazama. Alitafuta uongo wa kumpa mwanamke mwenye mimba, akaona huu hawezi.

"Sijui," alisema.

"Hujui! Si ulikula wewe?"

Kamba ya kisima iliacha kulia. Jenipha alikuwa amesimama na ndoo yake ukingoni, maji yanachuruzika miguuni, hajageuka.

"Siku nne za mwanzo ndizo zinazotesa," alisema Jenipha. "Toka humo ndani. Lala kwa mama yako, au kwenye nyasi, mahali pasipo na kile kijivu. Mkono utatafuta, acha utafute. Uma kanga. Ya tano utapata njaa ya chakula."

Kati ya wale sita alikuwepo binti wa shangazi yake Shigela, na Jenipha alijua kwamba yupo. Walikuja njia moja.

"Na mtoto?" aliuliza Salu. "Nikiacha leo, anapona?"

Hapo Jenipha ndipo alipogeuka, akamtazama Nyamizi, si Salu. Nyamizi alitaka sana kuwa na jibu.

"Hatujui," Nyamizi alisema. "Acha leo."

Jenipha akajitwisha ndoo. Binti wa shangazi alikuwa ameshatangulia, anatembea haraka kuelekea kwa Ng'washi, ndoo yake tupu.